Tiba ya mzizi wa jino England: bei ni moja, kofia ndiyo hupandisha

Mgonjwa anayetibiwa mzizi wa jino kupitia NHS, huduma ya afya ya umma ya England, halipi kwa idadi ya mifereji ya mzizi. Hulipa kwa daraja. Katika viwango vilivyoanza Aprili 1, 2025, tiba hiyo iliwekwa daraja la pili, pauni 75.30, pamoja na uchunguzi, picha ya eksirei na kuziba jino. Walio chini ya miaka 18 na wajawazito hawatozwi.

Kung'oa jino nako kumo katika daraja hilo hilo. Anayeng'oa kwa kukwepa gharama haokoi hata senti, na pengo hubaki.

Gego likihitaji kofia katika tiba hiyo hiyo, mgonjwa huingia daraja la tatu, ambalo katika viwango hivyo vya 2025 lilikuwa pauni 326.70 kwa yote, bila kuongeza zile 75.30.

Madaktari wa binafsi hujipangia bei. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja, gego mitatu au minne, hivyo ankara ya gego huwa kubwa zaidi. Mgonjwa aulize mapema iwapo bei aliyotajiwa ni pamoja na kofia.