Asidi Haifufui Betri

"Fundi, niongezee asidi kidogo tu, betri imepungua nguvu." Ombi hili nimelisikia Kibirizi, nimelisikia Katonga, na hapa Ujiji nimegongewa mlango usiku kwa ajili yake. Agosti 2024 lilizidi. Uvuvi Ziwa Tanganyika ulikuwa umefungwa tangu Mei 15, na ziwa lilipofunguliwa wavuvi wa dagaa walitoa betri stoo, wakafunga taa, zikawaka saa moja na kufifia. Kila aliyekuja kwangu alikuja na jibu lake tayari: asidi imeisha.

Asidi haikuisha. Kama betri haikupasuka wala kupinduka, asidi yake imo humo humo. Kinachopungua ni maji, kwa joto na kwa kuchaji.

Betri ya risasi inapotoa moto, asidi huingia kwenye pleti na kugeuka salfeti ya risasi. Ukiichaji, salfeti huyeyuka na asidi hurudi majini. Ndiyo maana kile kipimo cha kioo chenye boya husoma karibu 1.27 betri ikiwa imejaa, na karibu 1.12 ikiwa tupu. Anayeona 1.12 akakimbilia chupa ya asidi hajaelewa anachokiona: asidi iliyotoka majini imo ndani ya pleti, inasubiri chaji iitoe.

Tatizo ni pale betri inapolala tupu. Salfeti ikikaa wiki kadhaa bila kuchajiwa huganda, ikawa gamba jeupe linaloziba pleti, na chaji ya kawaida hailigusi. Betri ya namna hiyo hujaa upesi ajabu. Asubuhi inaonyesha volti 12.6 na mwenye nayo anafurahi. Usiku inakata kabla hata dagaa hawajapanda, kwa sababu sehemu ya pleti inayofanya kazi imebaki ndogo.

Sasa mimina asidi mpya humo. Kipimo kitapanda. Volti nazo zitapanda kidogo, taa itang'aa usiku wa kwanza, pengine na wa pili, na huo ndio usiku unaowafanya watu waape kwamba dawa inafanya kazi. Ni sawa na kuanika mawe ya redio juani: joto linaamsha masalia ya kemikali, redio inasema kipindi kimoja, kisha kimya. Gamba liko palepale. Zaidi ya hapo, asidi iliyozidi ukali inaanza kuzila pleti zile chache zilizokuwa bado nzima. Nimefungua betri nyingi zilizotiwa "dawa" hii, nikakuta pleti zinamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai, tope jeusi limejaa chini na seli zimepiga shoti. Nyingine zilikuwa na uwezo wa kufanya kazi mwaka mzima zaidi. Inaniuma, maana ile betri ni fedha ya familia, na aliyeiua alilipwa kuiua.

Asidi hutiwa mara moja, betri mpya iliyouzwa kavu inapojazwa kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo ni maji ya betri peke yake, yaliyosafishwa, yafunike pleti, na uongeze baada ya kuchaji. Maji ya ziwa usitie hata kama ya betri yamekwisha. Tanganyika ni jeupe kwa macho lakini maji yake yamebeba magnesi na chumvi nyingine nyingi. Ya bomba na ya kunywa ya chupani nayo hayafai.

Swali ambalo ningependa niulizwe ni hili: betri ya dagaa hufa lini? Watu hudhani inafia ziwani, kwa kazi. Inafia nyumbani, wakati wa mbalamwezi. Mvuvi anarudi alfajiri ya usiku wa mwisho wa giza, betri iko chini kabisa, mwezi unakua, taa hazina kazi tena, nyavu zinaanikwa, na betri inasukumwa uvunguni ilivyo. Inalala tupu siku saba, siku kumi. Mwezi ujao tena. Gamba linaongezeka kila mwezi, kisha inakuja miezi mitatu ya kufunga ziwa kulimalizia. Jirani yangu mmoja, mzee ambaye amevua tangu enzi za karabai, hulala baada ya kuunganisha betri kwenye chaja, hata akiwa amechoka kiasi gani. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mwanangu, ng'ombe akirudi malishoni unamnywesha kwanza." Betri zake huzidi za wenzake kwa miaka.

Gamba la wiki mbili tatu huweza kulegea kwa chaji ndogo ya siku nzima au mbili. La miezi, achana nalo.

Haya, ununue ipi? Anza na hesabu. Taa zako kwa jumla wati 30, saa 10: hizo ni wati-saa 300. Gawanya kwa volti 12, unapata ampia-saa 25. Betri ya risasi usiitumie kupita nusu, kwa hiyo nunua ya 50, na iwe ya sola, yenye pleti nene. N70 ya gari, ambayo kila mtu ananiulizia, ina pleti nyembamba za kuwasha injini kwa sekunde chache. Ukiikausha kila usiku haikuvushi msimu. Ya pikipiki, ampia-saa 7, inatosha taa moja ya wati 4 juu ya boya, basi. Betri kavu iliyofungwa usiifungue kabisa. Mwenye uwezo achukue lithiamu ya fosfeti ya chuma: ampia-saa 30 zinatosha kazi ile ile, kilo kama 4 badala ya 15, na huchajiwa mara maelfu, lakini chaja iwe yake, isizidi volti 14.6. Zile zinazoungwa mtaani kwa seli za kompyuta kuukuu zinashika moto, na ndani ya mtumbwi wa mbao usiku hakuna pa kukimbilia. Paneli ya wati 100 yenye kontrola inatosha kiangazi, masika ongeza. Chajia nje, mbali na sigara na karabai, kwa sababu betri ya risasi hutoa gesi inayolipuka. Kabla ya kufunga ziwa ijaze, chomoa nyaya, ichaji tena kila mwezi, au mara mita ikisoma chini ya 12.4. Lithiamu iache nusu.

Na ile iliyokwisha kufa, ipeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu ikiwa nzima. Usiipasue uani ili uyeyushe risasi ya nyavu. Moshi wake na vumbi lake vinaharibu ubongo wa watoto, na watoto ndio wanaocheza pale pale ulipowasha moto.