"Naja": Maneno Machache Kuhusu Kimarathi Kikiwa Ugenini

Katika mtaa tunaokaa hapa Kampala yupo jirani yetu mmoja, mama kutoka mji wa Pune katika jimbo la Maharashtra, India. Mumewe ni mhasibu, na binti yao ana umri wa miaka kumi na minne. Kwa muda mrefu tulidhani kwamba mama huyu hajui kuaga. Kila alipomaliza chai yake kwetu aliinuka, akavaa viatu, akafika mlangoni, kisha akatamka neno moja tu: "yete". Siku moja tulimwuliza binti maana yake. Akajibu kwamba maana yake ni "naja".

Tulistaajabu, kwani mtu anatoka, naye anasema anakuja! Binti hakuweza kueleza zaidi. Mama ndiye aliyetueleza. Katika Kimarathi, anayeaga hasemi "jate", yaani "naenda". Kusema hivyo ni nuksi, kwa sababu anayekwenda bila kutaja kurudi ni yule anayezikwa au kuchomwa. Kwa hiyo mwanamke husema "yete" na mwanamume "yeto", maana kitenzi cha lugha hiyo katika wakati uliopo hubadilika kufuatana na jinsi ya msemaji. Baada ya mshangao tulicheka, kwa kuwa hata hapa Kampala mtu hukwambia "nakuja" huku amekupa mgongo, na wewe unaelewa kwamba anaondoka.

Baadhi ya wanafunzi wetu wametuuliza kwa nini walimu wawili wa Kiswahili wanahangaika na lugha ya watu wa mbali. Makala haya ni jibu letu. Tumejifunza mengi juu ya kazi yetu wenyewe kwa kuitazama lugha ya jirani ikiwa ugenini.

Tuanze na istilahi za ujamaa, ambazo zilitutesa kuliko sarufi. Katika Kimarathi "baba" ni baba, kama kwetu. Hapo mtu hupata moyo, lakini asifanye haraka. "Dada" ni kaka mkubwa. "Kaka" ni baba mdogo au baba mkubwa, yaani ndugu wa kiume wa baba. Na "mama", wasomaji wapendwa, ni mjomba! Mama mzazi huitwa "aai", na dada mkubwa ni "tai". Binti wa jirani yetu alipokuwa mdogo aliwasikia watoto wa mtaani wakimwita mamaye "mama", akakasirika sana kwamba wanamwita mjomba. Hata hivyo, mbali na sauti hizo zinazopotosha, mgawanyo wenyewe unakaribiana na wetu. Kiingereza kina neno moja tu kwa shangazi na mama mdogo. Kimarathi hutofautisha "aatya", dada wa baba, na "mavshi", dada wa mama. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa kwa nini hao ni watu wawili tofauti. Sisi jirani yetu tunamwita Tai, kwa ombi lake.

Kimarathi kiliandikishwa na watu zaidi ya milioni 83 kama lugha yao ya kwanza katika sensa ya India ya mwaka 2011. Huandikwa kwa hati ya Devanagari, ile inayotumika pia kwa Kihindi. Kama Kiswahili, kilikutana na Wareno pwani, na masalio yanafanana: kiazi cha mviringo huitwa "batata", nanasi ni "ananas", na pera ni "peru". Tulipoletewa kwa mara ya kwanza "batata vada", yaani viazi vilivyopondwa vikachovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa, hatukuhitaji mkalimani.

Vada hizo ndizo zinazotuleta kwenye tamthilia. Wamarathi huhesabu historia ya jukwaa lao la kisasa tangu mwaka 1843, pale Vishnudas Bhave alipoonyesha mchezo wa Sita Swayamvar katika mji wa Sangli. Tarehe 5 Novemba kila mwaka huadhimishwa kwao kama siku ya tamthilia. Mwaka 2018 tulibahatika kukaa Pune kwa majuma kadhaa, na Tai alikuwa ametuagiza kwamba tusirudi bila kuingia katika Bal Gandharva Rangmandir. Jumba hilo, lililofunguliwa mwaka 1968, limepewa jina la mwigizaji Bal Gandharva (1888–1967), mwanamume aliyesifika kwa kuigiza wanawake katika michezo ya nyimbo, kiasi kwamba wanawake wenyewe waliiga mavazi yake.

Tuliketi katikati ya akina bibi, wanafunzi na watoto wenye usingizi. Kengele hulia mara tatu kabla ya pazia kufunguliwa; ya tatu ikilia, ukumbi mzima hunyamaza. Wakati wa mapumziko watu wote walikimbilia chai na vada, na hapo mabishano yakaanza. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu alilalamika kwamba mwigizaji mkuu anameza silabi. Mkewe alimjibu kwamba masikio yake ndiyo yanayomeza. Sisi tulikuwa tumeelewa labda sehemu moja kati ya kumi ya mchezo, lakini mabishano hayo tuliyaelewa. Hatukumbuki lini mara ya mwisho tulisikia watazamaji hapa kwetu wakigombana juu ya silabi za Kiswahili.

Tuliporudi Kampala, Tai aliamua kutuonyesha Natsamrat. Huu ni mchezo wa V. V. Shirwadkar, mshairi aliyejulikana kwa jina la Kusumagraj, ulioonyeshwa kwanza mwaka 1970. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 27 Februari, ndiyo siku ya lugha ya Kimarathi. Mwaka 2016 ulitolewa filamu, Nana Patekar akiwa mwigizaji mkuu. Ni habari ya mwigizaji mzee wa Shakespeare anayestaafu, anawagawia watoto wake mali yote, kisha anageuka mzigo katika nyumba zao hadi anaishia barabarani. Wasomaji wataona hapo kivuli cha Mfalme Lear. Mwalimu Nyerere alitutafsiria Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akibaki karibu na matini. Shirwadkar alichukua jeraha la Lear akalipeleka katika nyumba ya mstaafu wa mjini, pale ambapo mkwe anapima chakula cha wazee. Kwa maoni yetu njia hii ya pili haijajaribiwa vya kutosha katika Kiswahili.

Jioni hiyo binti ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Hapa ni lazima tueleze jambo ambalo Tai alikuwa ametwambia kwa siri. Kila Jumapili bibi yake binti hupiga simu kutoka Pune. Bibi husema Kimarathi, mjukuu huelewa, lakini hujibu kwa Kiingereza, sentensi mbili tatu, kisha humpa mama simu. Siku hizi bibi ameanza kuuliza habari za mjukuu kwa mama, ilhali mjukuu amekaa pale pale. "Anaona haya kumsumbua," Tai alisema.

Basi filamu ikaendelea, na binti akatufasiria kwa Kiswahili chake cha shuleni kilichochanganyika na Kiingereza. Mahali pamoja alisema, "Hapa anasema sisi." Tai akamkatiza: sisi gani? Kumbe Kimarathi kina "sisi" mbili. "Aamhi" ni sisi bila wewe unayeambiwa. "Aapan" ni sisi pamoja nawe. Baba anayewaambia watoto wake "aapan" amewaweka ndani ya nyumba. Akisema "aamhi" amejitenga nao yeye na mkewe. Filamu ilisimamishwa. Mama na binti wakabishana juu ya neno hilo kwa muda wa robo saa, na mabishano yote, kwa mara ya kwanza mbele yetu, yalikuwa kwa Kimarathi. Sisi tulikunywa chai, tukanyamaza.

(Mwenzetu mmoja wa isimu ametukumbusha kwamba lugha nyingi duniani zina tofauti hii. Ni kweli. Lakini kuisoma katika jedwali na kuiona ikigombaniwa sebuleni ni mambo mawili.)

Filamu ya pili tuliyoangalia nayo ilikuwa Sairat ya Nagraj Manjule, ya mwaka 2016, iliyovunja rekodi ya mapato ya sinema za Kimarathi. Ni mapenzi ya msichana wa familia yenye nguvu na kijana wa tabaka la chini, na mwisho wake haufai kusimuliwa kwa asiyeiona. Kwa walimu wa lugha kuna mambo mawili. Kwanza, wahusika wanasema Kimarathi cha vijijini cha upande wa Solapur, ambacho watu wa Pune walizoea kukicheka, na bado watazamaji walijaa. Sisi tunaosahihisha insha kwa kalamu nyekundu kila tunapoona lahaja tuna la kufikiri hapo. Pili, wapenzi wanatorokea Hyderabad, wangali nchini mwao, lakini huko watu wanasema Kitelugu, na msichana aliyekuwa akiamrisha kijiji kizima anakosa hata namna ya kuuliza. Ugeni si lazima uvuke mpaka wa nchi.

Wamarathi walianza zamani kuandika juu ya ugeni. Pandita Ramabai alikwenda Uingereza mwaka 1883, akafika Marekani mwaka 1886, na mwaka 1889 akachapisha kwa Kimarathi kitabu cha kuwaeleza watu wake jinsi Wamarekani wanavyoishi. Tunapenda mwelekeo wa kitabu hicho: kwa mara moja, mwanamke wa India ndiye anayemwangalia Mzungu na kuandika habari zake.

Lakini safari iliyotugusa zaidi ni ya watu ambao hawakuandika. Mwaka 2019 tulihudhuria warsha ya walimu wa lugha huko Morisi. Kisiwa hicho kilianza kupokea kwa wingi vibarua wa mkataba kutoka India mwaka 1834, kufanya kazi katika mashamba ya miwa ambayo watumwa walikuwa wakikombolewa. Kituo walikoteremkia Port Louis, Aapravasi Ghat, kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wengi walitoka Bihar. Wachache walikuwa Wamarathi wa pwani ya Konkan. Wajukuu wa wajukuu wao wapo hadi leo, wana mahekalu na vyama vyao, na sikukuu ya Ganesh ni siku ya mapumziko kwa nchi nzima. Kimarathi hufundishwa shuleni kama somo la hiari, na michezo ya kuigiza ya Kimarathi huandaliwa. Nyumbani, hata hivyo, watu husema Krioli.

Familia moja ilitukaribisha chakula. Kijana wao alikuwa amefaulu mtihani wa Kimarathi vizuri, akatusomea ubao wa hekalu bila kukwama. Wakati wa kuondoka tukaona tuonyeshe ujuzi wetu. Tukasimama mlangoni, tukasema "yeto". Kijana alifikiri kidogo, kisha akatusahihisha kwa adabu: mmekosea kitenzi, hicho ni "kuja", nanyi mnakwenda.

Juu ya jambo hili sisi waandishi hatujakubaliana mpaka leo. Mmoja wetu anaona kwamba lugha iliyobaki darasani na jukwaani ni kama kanzu ya sikukuu, huvaliwa mara mbili kwa mwaka. Mwingine anajibu kwamba kanzu ya sikukuu ndiyo inayotunzwa, na kwamba baada ya karibu karne mbili ng'ambo ya bahari, kijana anayeweza kukusahihisha kitenzi si jambo la kudharau. Pasingekuwa na mtihani ule, asingekijua hata hicho kitenzi.

Tunaliuliza hili kwa sababu linatuhusu. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Tulifurahi, hatufichi. Lakini wengi wa wanafunzi wetu wana wazee waliokijua Kiswahili kama lugha ya askari na vizuizi vya barabarani, na hawajawahi kukisikia kikitumiwa kumbishia mtu juu ya mwigizaji anayemeza silabi. Wanaweza kunyambua kitenzi hadi mwisho. Ukiwauliza mtu humwagaje mkwewe, wananyamaza.

Kwa hiyo muhula huu tumeamua kujaribu jambo dogo. Wanafunzi wa mwaka wa pili wameandika mchezo juu ya mzee aliyegawa kiwanja chake huko Mukono kabla ya kufa. Kuna ugomvi kama mkwe wa kike aseme Kiswahili sanifu au kile cha sokoni Owino, na ugomvi huo tumeuacha uendelee, mradi uendeshwe kwa Kiswahili. Binti wa Tai ameomba kushika kengele. Mamaye ameahidi vada za mapumziko, ila anasema viazi tununue wenyewe. Kuhusu simu ya Jumapili, Tai anasema juzi ilichukua dakika tisa kabla hajapewa yeye.

Mazoezi ni kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, katika chumba cha semina cha idara. Anayetaka kuja kusikiliza na kubisha anakaribishwa.