Kanisa Kuu la Sevilla na Mnara Wake wa Adhana

Wanafunzi waendao Hispania kujifunza lugha, wakafikia katika mji wa Sevilla, aghalabu hupelekwa na walimu wao kulizuru Kanisa Kuu kabla hata hawajamudu kuagiza chai, na humo hupitishwa mbio mbio, kutoka dhahabu ya madhabahu hadi kaburi la Christopher Columbus, kisha hutolewa juani wakiwa na picha nyingi na maarifa haba. Nami nilipitishwa hivyo hivyo. Lakini chuo kikuu cha mji ule kimo katika jumba lililojengwa karne ya 18 kuwa kiwanda cha tumbaku cha wafalme, nalo si mbali na kanisa, hata mwanafunzi mwenye saa tupu baina ya darasa mbili anaweza kwenda akarudi. Na kwa kwenda na kurudi huko ndiko nilikopata rai ninayoieleza leo, kwamba jengo lile husomwa vizuri zaidi na yule anayeanzia nje.

Na aanze upande wa kaskazini, penye Lango la Msamaha. Tao lake ni la umbo la kiatu cha farasi, kama wajengavyo watu wa Maghribi, na milango yake miwili ni ya mbao iliyovikwa shaba nyeusi, imegawanywa kwa nakshi za pembe nyingi zilizofumana, na ndani ya nakshi hizo, kwa khati ya Kikufi, yamerudiwa tena na tena maneno yasemayo kwamba milki ni ya Mwenyezi Mungu na kubaki ni kwake. Pete za kugongea mlango nazo ziliandikwa aya za Kurani. Zile za asili zimehifadhiwa ndani, na zinazoonekana langoni ni mfano wake. Mtu aliyepita chuoni utotoni, akakalishwa mkekani mbele ya juzuu, husimama pale kwa muda mrefu kuliko wenziwe, kwa kuwa jicho lake hutafuta herufi kabla ya kutafuta umbo. Juu ya tao hilo hilo, Wakristo wa karne ya 16 waliweka mchongo wa Yesu akiwafukuza wachuuzi Hekaluni, na sababu ya kuuchagua mchongo huo nitaifikia.

Ukilivuka lango unaingia Ua wa Michungwa, uliokuwa ua wa msikiti, ambamo waumini walitia udhu kabla ya kuswali. Miti imepandwa kwa safu, na baina ya safu na safu mna vijifereji vya matofali vinavyopeleka maji kwenye kila shina. Hapo pana kivuli na harufu, na pana watu waliochoka kutembea.

Msikiti wenyewe ulianza kujengwa mwaka 1172 kwa amri ya Khalifa Abu Yaqub Yusuf, wa nasaba ya Muwahidina, waliotawala Maghribi na Andalusi, na mjenzi wake mkuu alikuwa Ahmad ibn Baso. Mnara ulianzishwa mwaka 1184, mwaka ule ule khalifa alipofariki kwa vita vya Santarém. Mwanawe, Yaqub al-Mansur, akauendeleza, na fundi Ali al-Ghumari akaupandisha kwa matofali, hata mwaka 1198 yakapachikwa kileleni matufe manne yaliyong'arishwa kwa dhahabu, yakionekana na wasafiri kutoka mbali. Ndugu wawili wa mnara huo, wa nasaba hiyo hiyo, wangali wamesimama ng'ambo ya bahari, mmoja ni mnara wa Kutubiya huko Marrakesh, na wa pili ni mnara wa Hassan huko Rabat, ambao haukuwahi kumalizika.

Lakini nisingependa msomaji ainue macho upesi. Chini kabisa, kwenye msingi wa mnara, Muwahidina walitumia mawe waliyoyakuta, na miongoni mwake mna jiwe la zama za Warumi lenye maandishi ya Kilatini ambayo hata leo husomeka. Liliwekwa katika karne ya pili na wenye mashua wa mji huo, ambao wakati huo uliitwa Hispalis, kumtukuza ofisa mmoja aitwaye Sextus Iulius Possessor, aliyesimamia kingo za mto na usafirishaji wa mafuta ya zeituni kwenda Roma. Nao wanaeleza kwamba wamemtukuza kwa ajili ya unyofu wake na uadilifu wake usio na kifani. Mimi niliyezaliwa karibu na bandari nililicheka jiwe lile kwa furaha, kwani anayezijua desturi za mabaharia na maofisa wa gati atakubali kwamba mwenye mashua hamwekei ofisa jiwe la sifa ila ameona jambo la nadra sana. Basi mnara wa adhana umekalia shukrani za manahodha wa Kirumi, na waliouinua hawakuona haya kujengea mali ya waliowatangulia.

Tarehe 23 Novemba mwaka 1248, baada ya mazingiwa marefu, mji ulijisalimisha kwa Ferdinand wa Tatu, mfalme wa Castile. Imesimuliwa katika tarikhi za Wahispania kwamba Waislamu waliokuwa wakihama waliomba ruhusa ya kuubomoa msikiti na mnara, wasiwaachie adui, na kwamba Alfonso, mwana wa mfalme, akajibu kuwa likiondolewa tofali moja tu katika mnara ule, wote watapitishwa kwenye upanga. Waongozaji wa watalii hukipenda kisa hiki, na baadhi yao hukifanya dalili ya dini mbili zilizokaa kwa wema. Mimi sikioni hivyo. Aliyesema maneno hayo alikuwa mtu mwenye kuhesabu ngawira yake, aliyeutamani uzuri kama atamanivyo johari iliyo kifuani pa mwenziwe. Lakini ni kweli pia kwamba lau si tamaa hiyo, leo pasingekuwa na cha kutazama. Ibn Battuta, aliyeuona mji wa Kilwa mwaka 1331, alipovuka kwenda Andalusi yapata mwaka 1350 aliishia Granada na Malaga. Sevilla ilikuwa imekwisha kuwa milki ya Castile kwa miaka mia moja na zaidi.

Kwa muda huo wote, na hata baada yake, Wakristo walisali katika jengo lile lile la msikiti, wakilipasua hapa na kulifunga pale kulingana na haja yao. Katika mwaka 1356 zilzala iliyaangusha matufe ya mnara. Hatimaye, mwaka 1401, makasisi wakakata shauri kujenga upya, na kauli iliyonasibishwa nao ni kwamba walitaka kanisa ambalo watakaoliona limekwisha watasema waliolijenga walikuwa na wazimu. Nchi ya Sevilla haina jiwe jema la kujengea, kwa hiyo mawe yalichimbwa upande wa pwani, karibu na El Puerto de Santa María, yakapakiwa vyomboni na kupandishwa mtoni. Kazi ilimalizika mwaka 1506. Miaka mitano baadaye kuba ikaporomoka, ikajengwa tena, na mwaka 1888 sehemu hiyo ya katikati ikaanguka mara ya pili. Walijitakia wazimu wakaupata.

Ndani, nguzo zimepanda hata macho yakachoka kabla ya kufika darini, maana sehemu ya katikati ina kimo kipatacho mita 42, na wenye elimu ya majengo hulihesabu kanisa hilo kuwa kubwa kupita yote ya mtindo wa Kigothi. Madhabahu kuu ilianzwa na Pieter Dancart mwaka 1482 na haikukamilika ila mwaka 1564, ukuta mzima wa mbao zilizochongwa na kupakwa dhahabu. Nakiri kuwa ni kazi ya ustadi mkubwa, walakini haikunigusa. Dhahabu ikizidi kiasi humfanya mtazamaji ahesabu badala ya kustaajabu. Kaburi la Columbus, linalobebwa na sanamu nne za watangazaji wa Castile, León, Aragon na Navarra, lilitengenezwa kwa ajili ya kanisa kuu la Havana na likaletwa huku Hispania ilipopoteza Kuba mwaka 1898, na watu wa Santo Domingo wangali wakidai kwamba mifupa ya kweli iko kwao. Kitu kilichonikalia moyoni kiko kando, penye mlango wa kutokea uani: mamba wa mbao ametundikwa darini, mahali pa mamba halisi ambaye yasemekana aliletwa na sultani wa Misri karne ya 13 pamoja na posa, na karibu yake imening'inia pembe ya ndovu, ambayo mtu wa pwani yetu hawezi kuitazama kwa macho wanayoitazamia wageni wengine.

Na wale wachuuzi wa mchongo? Katika karne ya 16 mali yote itokayo Amerika ilishushwa Sevilla, na wafanyabiashara, ambao hawakuwa na soko la heshima, walifanya biashara zao kwenye ngazi za kanisa, na jua au mvua ikizidi waliingia ndani na mizigo na kelele zao. Mchongo haukuwatisha. Askofu mkuu akamlalamikia Mfalme Filipo wa Pili, na mfalme akaamuru lijengwe jumba la wafanyabiashara mkabala na kanisa, kazi ambayo Juan de Herrera aliichorea ramani, ikaanza mwaka 1584. Sasa ndilo ghala la nyaraka za makoloni ya Hispania. Mfalme huyo alikuwa amekwisha kurithi na kiti cha Ureno, na jumba hilo lilipokuwa likijengwa, mwaka 1593, ndipo Wareno walipoanza kuchonga matumbawe ya Mombasa kwa ajili ya Ngome ya Yesu, kwa jina la mfalme yule yule.

Kupanda mnara si kazi ngumu, kwa maana ndani hamna ngazi ila mipando 35 ya mteremko wa taratibu, iliyojengwa hivyo, yasemekana, ili muadhini apande akiwa juu ya mnyama wake. Madaraja ni machache tu mwishoni, katika sehemu ya kengele ambayo Hernán Ruiz aliiongeza baina ya 1558 na 1568. Kileleni kabisa pana mwanamke wa shaba aliyesubiwa na Bartolomé Morel, mfano wa Imani yenye ushindi, naye amewekwa azunguke kwa kufuata upepo. Sijapata mtu wa kunieleza kwa nini Imani, katika sifa zote, ndiyo iliyopewa kazi ya kugeuka geuka.

Bibi niliyekuwa nikikaa kwake, mjane aliyezaliwa mtaa wa pili, hakuwahi kupanda. Nilipomwuliza alisema, "Mwanangu, mimi huenda kwa Bikira," akimaanisha Bikira wa Wafalme, ambaye sanamu yake hutolewa kwa maandamano asubuhi na mapema kila tarehe 15 Agosti. Chini ya sanamu hiyo, katika kanisa dogo la wafalme lililotengwa kwa wenye ibada, amezikwa Ferdinand wa Tatu, aliyefariki mwaka 1252, na mwanawe Alfonso, yule yule wa kisa cha tofali, alimwandikia baba yake maandishi ya kaburi kwa lugha nne: Kilatini, Kihispania cha wakati ule, Kiarabu na Kiebrania. Kiarabu kinataja mwaka wa 650 wa Hijra, na Kiebrania mwaka wa 5012. Kilatini, kilichosomwa na makasisi, kinasema kwamba mfalme aliunyakua mji kutoka mikononi mwa makafiri na kuurudisha katika ibada ya Kikristo. Lugha nyingine tatu, ambazo Mwislamu na Myahudi wa Sevilla wangeweza kusomewa na jirani, zinasema tu kwamba aliuteka.