Mukuru na Kazi ya Kuunda Huduma Pamoja na Watumiaji Wake

Uundaji shirikishi wa huduma za umma, yaani utaratibu ambao mtumishi wa serikali na mwananchi anayeitumia huduma huamua kwa pamoja huduma hiyo iweje, iwekwe wapi na iendeshwe vipi, hutajwa sana katika hotuba na maandiko ya miradi, ingawa mara nyingi kinachofanyika ni kuitisha baraza, kusoma mpango uliokwisha kuchorwa, na kuzungusha karatasi ya mahudhurio ili watu watie saini. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, Sherry Arnstein, alipanga ushiriki wa wananchi katika ngazi yenye vidato vinane, akaweka kupashwa habari na kuombwa maoni kwenye vidato vya katikati tu, kwa hoja kwamba anayesikilizwa bila kuwa na uwezo wa kubadili uamuzi hajashirikishwa bado. Katika muongo uliofuata Elinor Ostrom, ambaye mwaka 2009 alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, alitafiti kazi ya polisi katika miji ya nchi hiyohiyo na kueleza kuwa usalama hautengenezwi kituoni na kupelekwa mtaani ukiwa kamili, kwa sababu raia anayetoa taarifa na kumwangalizia jirani yake nyumba naye ni mtengenezaji wa huduma hiyo.

Nadharia hizo zimepata mfano mzito katika Afrika Mashariki. Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani ni mitaa iliyosongamana kando ya eneo la viwanda la Nairobi, yenye zaidi ya kaya 100,000 ambazo nyingi ni za wapangaji, juu ya ardhi ambayo sehemu kubwa yake imo katika hati za watu na kampuni binafsi. Mwezi Agosti 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza mitaa hiyo kuwa eneo maalumu la mipango, maana yake eneo ambalo ujenzi mpya husimamishwa kwa muda na kanuni za kawaida za mipango miji huweza kurekebishwa kulingana na hali yake. Tangazo hilo lilitanguliwa na miaka ya madai ya wakazi, pamoja na utafiti uliofanywa na vyuo vikuu kwa kushirikiana na Muungano wa Wanavijiji, ambao ni mtandao wa vikundi vya akiba vya wakazi wa mitaa ya mabanda. Moja ya mambo yaliyodhihirika ni kwamba mkazi wa Mukuru aliyenunua maji kwa mtungi alilipa, kwa ujazo uleule, zaidi ya mara mbili ya bei aliyolipa mwenye bomba katika mtaa uliopimwa.

Ili kuandaa mpango wa eneo hilo, taasisi zaidi ya 40 ziligawanywa katika makundi ya kazi, kila kundi likishika sekta yake, kama vile maji, afya, ardhi, elimu na fedha. Hata hivyo, kazi ya kujifunza zaidi ilikuwa ile ya kuwapanga wakazi wenyewe. Kaya kumi zilifanya kiini kimoja chenye mwakilishi wake, viini kumi vikafanya kundi la kaya mia moja, na makundi hayo yakaunganishwa hadi ngazi ya mtaa. Msomaji wa Tanzania atawakumbuka mabalozi wa nyumba kumi, na mpangilio kweli unafanana, ila hapa njia ilikusudiwa kupitisha habari pande zote mbili, ili neno la mama anayeogopa kwenda chooni usiku lifike mezani kwa mhandisi, na jibu la mhandisi lirudi mpaka mlangoni kwake. Katika baraza la wazi mama huyo pengine asingenyanyua mkono, hasa mwenye nyumba wake akiwa ameketi safu ya mbele.

Mfano wa maji taka unaonyesha vizuri faida ya mpangilio huo. Bomba la kawaida la maji taka ni pana na hufukiwa chini sana kwenye barabara kwa sababu juu yake hupita malori, na kulipitisha katika vichochoro vya Mukuru kungelazimu kubomoa nyumba nyingi. Mfumo rahisi, uliokuzwa Brazili katika miaka ya 1980, hutumia mabomba membamba yanayofukiwa kwa kina kifupi mahali pasipopita magari, na gharama yake hupungua. Lakini mfumo huo una sharti lake: nani atafunua kifuniko cha shimo la ukaguzi siku bomba likiziba kwa matambara na mafuta ya kupikia, na mchango wa kulizibua utakusanywaje? Swali hilo mhandisi hawezi kulijibu peke yake, na kaya zinazochangia shimo moja ndizo zenye jibu. Kwa upande wao, wakazi hulazimika kusoma ramani na kukubali kwamba njia ikipanuliwa hata kidogo kuna kibanda kitakachosogezwa. Upana wa barabara ulijadiliwa hivyohivyo, kwa kuwa vipimo vya kawaida vingehamisha watu wengi mno.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwa mtaalamu, aliyesomeshwa kuamini kwamba kutojua ni aibu, na ambaye sasa hutakiwa aende kwa watu akiwa na mchoro usiokamilika. Ratiba ya bajeti nayo haimsaidii, maana fedha za mwaka husubiri mkataba, na mazungumzo ya kaya laki moja hayaishi kwa robo mwaka.

Licha ya ugumu huo, mpango wa Mukuru umeleta matunda. Tangu mwaka 2020 serikali imejenga Mukuru barabara, visima na mabomba ya maji taka. Pamoja na hayo, mwishoni mwa mwaka 2021 maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao ili kupisha barabara, hali iliyothibitisha kwamba makubaliano ya vikao hayana nguvu pale mamlaka nyingine inapoweza kuyaruka. Kwa hiyo makubaliano hayo yanapaswa kuingizwa katika mpango ulioidhinishwa kisheria na katika bajeti, huku kila badiliko lililotokana na wananchi likiandikwa wazi. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya humpa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali; mwananchi aliyetia saini karatasi ya mahudhurio na aitumie haki hiyo kuuliza ni uamuzi gani ulibadilika baada ya yeye kusema.