Manga na Majira: Rada ya Madishi Angurai

Kuna machali hapa Malaba wanapiga chipo Januari, chipo Juni, chipo Disemba, halafu wanalia ati doo haikai. Itakaaje? Waru inapenda baridi, huku kwetu joto inaimaliza, kwa hivyo inakuja na lori kutoka mbali na mafuta ya hiyo lori unalipa wewe. Chukua nduthi hadi Angurai hiyo Njaanuari yenyewe. Chini ya mwembe utapata watoi wanamanga maembe mpaka juisi inashuka kwa kiwiko, na hakuna mtu ametoa hata finje.

Msimamo wangu ni huu: dishi kile shamba imemwaga sai. Ndicho kitamu, ndicho rahisi. Lakini hiyo ni nusu ya mchezo. Nusu ingine ni kuweka, na hapo ndio wengi huchapwa.

Machi hadi Mei: mvua na majani

Mvua ya kwanza ikigonga, kumbekumbe zinatoka kwa kichuguu. Watoi wanajua kazi: funika kichuguu na blanketi mzee, gonga na vijiti kama mvua inanyesha, zijilete zenyewe. Usipoteze mafuta. Zina mafuta zao. Sufuria kavu, moto kiasi, chumvi, kisha peta mabawa na ungo.

Halafu kunde. Wateso wa huku wanaiita eboo, na ndio inaokoa mtaa, juu ukipanda leo, ndani ya mwezi unachuma majani. Hii pia ndio saa omena inakuwa noma, kwa sababu gava hufunga uvuvi wake Ziwa Victoria kila mwaka kutoka Aprili 1 hadi Julai 31 ndio izaane. Sasa mashosh wa Angurai wanatoa protini wapi? Kwa njugu.

Shika hii: chuma majani machanga, chemsha na munyu, yale maji yamechujwa kwa majivu ya maganda ya maharagwe. Yanalainika haraka na uchungu unapungua. Kaanga njugu kidogo tu, saga, koroga na maji ya vuguvugu, mwaga juu ya majani. Moto uwe wa chini. Koroga mpaka uone mafuta ya njugu yanaelea. Mwiko ukitulia kidogo tu, inashika chini. Na usimalize yote usiku, juu mboga ikilala, kesho inateleza na atap, ile ugali yetu ya wimbi, vibaya sana.

Juni hadi Agosti: mahindi na mtego

Juni tunaanza kuchoma mahindi mabichi. Pale Malaba foleni ya malori ikijivuta, madere wananunua kupitia dirisha na jiko halipoi. Inafuata njugu mpya, madondo, halafu mahindi makavu. Kila boma imeshiba, kila mtu anataka ganji ya fizi, na mabroka wanajua.

Manze, hapa ndio tunachezwa. Unauza gorogoro bei ya kutupa Agosti, halafu Mei unarudi sokoni kubuy gorogoro ile ile, bei imeruka. Umejikopesha njaa na ukajilipisha riba. Na kwa miaka mingi mashamba mengi ya Angurai yamebebwa na tumbaku, ambayo huwezi weka kwa sufuria. Ganji ya tumbaku ikikawia, boma haina jani wala mbegu.

Kuweka nayo ina sayansi. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, malori yakakwama Malaba na Busia mpaka siku chache baadaye masharti mapya yakatoka. Lakini kuvu inayoleta hiyo sumu haijui mpaka. Inapenda mahindi yenye unyevu, hata ya kwa mathe wako. Ukiweka, unyevu usipite asilimia 13.5. Huna mashine? Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kavu kidogo na mahindi, tikisa vizuri. Chumvi ikinata kwa kioo, rudisha mahindi kwa jua. Ikianguka chini yote, yamekaribia, lakini chupa haipimi mpaka hiyo 13.5, kwa hivyo anika tena kidogo ndio ufunge gunia.

Septemba hadi Disemba: mizizi na mirija

Mvua ya pili ni ya viazi vitamu na mihogo. Viazi vikizidi, usiangalie vikioza. Kata slaisi, anika kwa jua, inaitwa amukeke, na pande zote mbili za mpaka Wateso wanaijua. Miezi ya ukame unaichemsha, ukitaka unachanganya na madondo ama njugu. Muhogo unakauka, unasagwa na wimbi ama mtama, unakuwa atap ya brauni ya kukushikilia mpaka jioni. Wimbi ingine inaenda kwa ajon, pombe yetu ya wimbi. Disemba watu wa ocha wamerudi, chungu kimoja, maji moto, mirija mirefu, wazee wakivuta stori. Kufika hapo maembe yameanza kuiva tena.

Kwa hivyo mbogi yangu, hii si stori ya kurudi zamani ama kuogopa chipo. Piga chipo siku yenye umeomoka. Lakini Agosti, kabla broka hajapaki nduthi kwa boma, kaa chini na mathe mpige hesabu: nyumba inamaliza gorogoro ngapi za mahindi kwa wiki? Zidisha mara 52. Hiyo haitoki hata broka akipandisha bei kiaje. Inayobaki ndio muuze, na hiyo ndio fizi.