Mnara wa Limete

Mnara wa Limete, ambao wakazi wa Kinshasa huuita Échangeur, una urefu wa mita 210 hivi. Rais Mobutu ndiye aliyeagiza ujengwe kumuenzi Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa Januari 1961. Msanifu Olivier-Clément Cacoub alichora nguzo za zege zilizosimama pamoja, zikipanda bila nakshi. Ukubwa wenyewe ndio pambo. Sanamu ya Lumumba iliyo mbele yake huonekana ndogo mno.

Mwili wa Lumumba uliyeyushwa kwa tindikali, likabaki jino lililopelekwa Ubelgiji. Nchi hiyo ililirudisha Juni 2022. Jeneza lenye jino hilo lilizungushwa Sankuru, Kisangani na Lubumbashi, kisha likawekwa chini ya mnara tarehe 30, siku ya uhuru.