Mchemsho wa Mganga na Kipimo cha Sukari

Ukipita Segera kuelekea Korogwe, dawa ya kisukari ya miti shamba hutaikosa, mara nyingi kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa. Maji ya kahawia, vipande vya magome vimetuama chini, maelekezo ya mdomo: kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kikombe kipi? Magome kiasi gani kwa lita? Hapo kila muuzaji ana lake.

Wateja hawakosekani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa watu wapatao 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Kwa mtu wa vijiji vya ndani Handeni, kliniki ni nauli na siku nzima. Mganga ni jirani, tena anaijua familia.

Lakini je, inashusha sukari? Watafiti wa chuo cha tiba cha Muhimbili walilichukua swali hilo kwa uzito. Profesa Mainen Moshi na wenzake waliujaribu mmea uitwao kitaalamu Phyllanthus amarus, gugu dogo ambalo vitunda vyake hujipanga chini ya vijiti vya majani, nalo hutumiwa kienyeji kutibu kisukari. Wagonjwa 21 wa kisukari cha aina ya pili walisimamishiwa vidonge, kisha wakanywa mililita 100 za mchemsho mara mbili kwa siku, baada ya kula, kwa wiki moja.

Sukari haikushuka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, na kwa maoni ya mwandishi huyu yana thamani kuliko shuhuda mia za stendi. Anayeanza dawa ya miti shamba mara nyingi hupunguza pia soda na ugali, halafu sifa zote zinakwenda kwenye chupa.

Ndiyo maana safari ya kupima ni ndefu. Mmea hutambuliwa kwanza na mtaalamu wa mimea, maana jina moja la kienyeji laweza kubeba miti miwili. Dawa hukamuliwa kwa maji au spiriti, ikaangaliwa maabara kama inazuia wanga kugeuka sukari, kisha hupewa panya au sungura, huku ini na figo zao zikichunguzwa zisije zikawa zimeharibiwa. Binadamu huja mwisho, na mimea mingi haifiki huko. Hata mzambarau, unaosifiwa kila mahali, ulikwama: nchini Brazil chai ya majani yake haikushusha sukari ya wagonjwa, ilhali kidonge cha glibenklamidi kiliishusha.

Iliyofika ipo. Metformini, kidonge kinachotolewa kila kliniki ya kisukari, asili yake ni utafiti juu ya galega, mmea wa Ulaya wenye sumu kwa mifugo. Wakemia waliitengeneza mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa. Hakuna aliyeambiwa achemshe galega nyumbani.

Kwa hiyo, msomaji unayetumia mizizi, mwambie daktari wako, na chupa uende nayo. Vidonge usiache kwa sababu umejisikia nafuu. Ukichanganya vyote viwili, kisha ukatetemeka, ukatoka jasho na kuona kizunguzungu, huenda sukari imeshuka kupita kiasi: kunywa maji ya sukari mara moja, uwahi hospitali.